Ami anakuja kutoka Maskati, kauliza "nikuletee nini?" Gemu za zamani mkononi na kifaa gani uagize



Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu wanne, na wa mwisho ndo aliyenifanya nikae niandike. Huyu ni kijana jirani yangu hapa Ole, kamaliza skuli juzi juzi tu. Ami yake anakuja kutoka Maskati, kapiga simu kauliza "nikuletee nini?" Sasa nyinyi wa Pemba mnajua, swali hilo linaulizwa mara moja. Ukijibu "chochote tu ami" utaletewa kanzu na chupa ya udi. Ukijibu "gemu" utaletewa ile inayong'aa zaidi dukani. Yeye anataka kifaa cha mkononi cha kuchezea gemu za zamani, zile za kanda za TV, Game Boy, plei stesheni ya mwanzo. Na si zawadi mia kwa mia, manake ami kasema atatoa nusu, nusu nyengine kijana atoe mwenyewe, na hiyo nusu yake ni pesa ya kuchuma karafuu msimu mzima. Anayejua kuchuma karafuu anajua pesa ile inavopatikana, unapanda mti asubuhi, unashuka mchana, halafu jioni unakaa unachambua makonyo mpaka vidole vinabadilika rangi, na unalipwa kwa pishi.

Nilimwambia usijibu kwanza. Na sababu ya kumwambia hivo ni kwamba mie mwenyewe nishaumia.

Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na pesa kidogo ya karafuu vilevile. Nikavuka maji kwenda Unguja kwa shughuli nyengine, nikapita duka moja (silitaji, halina faida kulitaja sasa) nikaona kidude kizuri, kidogo kama Game Boy, kioo cha rangi, sanduku limeandikwa "400 kwa 1". Muuzaji akaniambia mdogo wangu humu utacheza mpaka gemu za PSP. Nikalipa. Nikarudi nayo na meli mpaka Mkoani, njiani sikuifungua, naogopa isije ikaibiwa. Kufika nyumbani nikaiwasha mbele ya wadogo zangu wote. Kweli gemu ziko 400 kwenye orodha, lakini ukianza kuzifungua moja moja unakuta ile ya vifaru imerudiwa kwa majina tofauti, ile ya kuruka ruka imebadilishwa rangi ya nguo tu. Nikatafuta tundu la memori kadi niongeze gemu nyengine. Hakuna tundu. Nikacheza mpaka hatua ya mbali nikazima nikale, kurudi naanza mwanzo, haiweki kumbukumbu. Wadogo zangu walifurahi siku tatu. Mie sikufurahi hata hiyo moja.

Baadae nilipoingia kafe Chake na kusoma ndo nikajua nilichonunua. Kile kidude hakiigizi kitu chochote. Ndani yake mna chipu moja ambayo ni mashine nzima ya Famicom, ile Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, imefinywa ikawa kipande kimoja. Ndo ile ile mashine ambayo kopi zake zilijaa huku kwetu, unachomeka kanda ya manjano, unapuliza vumbi, unacheza kwenye TV. Gemu zimechomwa ndani ya chipu kiwandani, huongezi, hupunguzi. PSP haiwezi kuingia humo hata kwa dua. Lakini niseme haki yake pia, kina jambo moja zuri: vingi katika vidude hivo vinatumia betri ya umbo la BL-5C, ile ya Nokia za zamani, na hiyo hata duka la kijijini utaipata. Kama unamnunulia mtoto wa miaka sita nunua tu, hakuna ubaya. Kama unatoa pesa ya karafuu ukitaraji gemu zote za utoto wako, usinunue.

Sasa emuleta ni nini hasa? Nalieleza hili kwa sababu ukilielewa, muuzaji hakudanganyi tena.

Kila mashine ya gemu ina lugha yake ya ndani. Gemu ya Famicom imeandikwa kwa lugha ya prosesa ya Famicom, ukiiweka kwenye simu, simu haiijui. Emuleta ni programu inayokaa katikati kama mkalimani. Gemu inasema neno moja kwa lugha ya zamani, emuleta inaligeuza, prosesa mpya inafanya kazi. Na si prosesa tu, inabidi iigize na chipu ya picha, na chipu ya sauti, na zote ziende sawa kwa wakati, kiasi mara 60 kwa kila sekunde. Ikichelewa kidogo sauti inakatika katika na mchezaji anatembea kama yuko ndani ya maji.

Kwa hivo mkalimani anataka nguvu kubwa kuliko msemaji. Prosesa ya Famicom ilikwenda megahezi 1.79 tu. Ya plei stesheni ya mwanzo (Japani ilitoka Disemba 1994) ni megahezi 33 na ushei, na RAM yake megabaiti 2. PSP ilifika megahezi 333. Plei stesheni ya pili iko chini kidogo ya 300 kwa prosesa yake kuu, lakini ina chipu nyengine za pembeni zinazofanya kazi kwa pamoja, na kuzioanisha zote ndo kunakoua vifaa vya bei rahisi. Ukitizama namba hizo unaona ngazi. Kifaa chochote cha leo kinaweza Famicom na Game Boy bila kutoka jasho. Kufika plei stesheni ya mwanzo ni rahisi pia siku hizi. PSP ni mlima. Plei stesheni ya pili ni mlima mwengine juu ya ule.

Basi swali la kwanza si "kifaa gani kizuri". Swali ni unataka kucheza nini. Nilimuuliza jirani yangu hivo, akajibu "zote". Nikamwambia yakhe zote si jibu, nitajie tano. Akataja ile ya vifaru, Super Mario, Tekken 3, Winning Eleven ya plei stesheni ya mwanzo, na San Andreas. Nne kati ya hizo kifaa cha bei nafuu kinazimudu. Ya tano, San Andreas, haihitaji emuleta kabisa, ilitolewa rasmi kwa simu za Android tokea Disemba 2013. Nyinyi mnaotaka kulipa laki tano au zaidi kwa kifaa kinachoendesha plei stesheni ya pili kwa ajili ya gemu hiyo moja, mnaniskia?

Kabla ya kutaja vifaa, nataka kila mtu aanze na alichonacho mfukoni. Wengi wenu mna Tecno, Infinix, itel, na hizo ni Android. Weka RetroArch, ni ya bure, ni programu moja inayobeba emuleta nyingi ndani yake. Mwanzo inachanganya, ina menyu ndani ya menyu, wakati najifunza nilitaka kuivunja simu. Kama inakushinda weka Lemuroid, hiyo nayo ni ya bure na nyepesi kuielewa, unaionyesha folda lenye gemu basi. Kwa PSP kuna PPSSPP, ilitoka mwaka 2012 na aliyeianzisha, Henrik Rydgård, ni mmoja wa walioanzisha Dolphin vilevile. Vijana wanaocheza PES kwenye simu wengi wao wanaijua hii, ile PES ya PSP ambayo watu wanaibadilisha wachezaji na jezi kila msimu. Na kwa wale wenye hamu ya gemu za Java, zile za Nokia na Sony Ericsson, kuna J2ME Loader, unaipa faili la jar linafunguka. Mie nimecheza Bounce Tales tena baada ya miaka, nikagundua kumbe ni ngumu, sijui utotoni niliwezaje!

Kitu kinachoharibu simu kwa gemu za zamani ni vidole. Gemu zile zilitengenezwa kwa batani za kweli, unabonyeza bila kutizama. Kwenye kioo kidole kinaziba robo ya uwanja na hujui umebonyeza au hujabonyeza. Dawa yake ni rahisi kuliko watu wanavofikiri: pedi ya USB ya kompyuta, zile zinazofanana na pedi za plei stesheni, na kiunganishi kidogo cha OTG. Unachomeka chini ya simu, Android nyingi inaitambua wenyewe. Uliza kwanza dukani wakuchomekee uone, manake kuna simu chache hazikubali OTG. Jumla yake haifiki hata robo ya bei ya kifaa. Kasoro ni kwamba simu unaiegemeza kwenye kikombe huku umeshika pedi, si kitu cha kucheza ndani ya daladala ya Chake. Na kasoro nyengine ni mama kupiga simu katikati ya penalti.

Ushauri wangu kwa yeyote, cheza hivo wiki mbili. Ukiona wiki ya pili bado unaamka na hamu, agiza kifaa. Ukiona gemu unazishusha tu na huzichezi (hii inatokea mno, mtu ana gemu elfu tatu hajamaliza hata moja) umeshaokoa pesa yako.

Haya, kifaa chenyewe.

Kwa gemu za mpaka plei stesheni ya mwanzo, umbo linalofaa ni kioo cha inchi 3.5 chenye vitone 640 kwa 480. Nasema hivo kwa sababu ya umbo la picha. TV za zamani zilikuwa nne kwa tatu, si pana kama za leo, na gemu za kanda na za plei stesheni zilichorwa kwa umbo hilo. Kwenye kioo kama hicho picha inajaa kioo kizima. Ukichukua kifaa cha kioo kipana kama simu, gemu hizo zinakaa katikati na weusi kushoto na kulia, umelipia kioo hukitumii. Kinyume chake ni PSP, picha yake ni pana (480 kwa 272), kwenye kioo cha nne kwa tatu inabaki na weusi juu na chini. Kwa hiyo mtu wa PSP na mtu wa Tekken 3 hawanunui kifaa kimoja, hata bei ikiwa sawa.

Vya umbo hilo vinavojulikana ni vitatu hivi, na vyote ni vya Kichina.

Miyoo Mini Plus, ya mwaka 2023. Ndogo, inaingia mfuko wa shati, betri ya mAh 3000 na inatolewa kwa mkono bila kufungua skurubu hata moja, jambo ambalo kwa sisi tulio mbali na mafundi wake ni kubwa. RAM yake ni megabaiti 128 tu, ukisikia utacheka, lakini kwa plei stesheni ya mwanzo inatosha kabisa. Haina vijiti vya kuzungusha. Kuna mfumo wa bure watu wameitengenezea, unaitwa Onion, ukiuweka kifaa kinakuwa chengine: unazima katikati ya mchezo, unawasha, unaendelea pale pale. Nikikumbuka kile kidude changu cha 400 naumia.

Anbernic RG35XX, lakini hapa tulia, manake jina hilo lina ndugu wengi. Ya mwanzo kabisa ilitoka mwishoni mwa 2022 na ni dhaifu. Zilizofuata, Plus na H na SP (2023 mwishoni mpaka 2024), zina prosesa nyengine kabisa inayoitwa H700 na RAM ya gigabaiti 1. Plus imesimama wima, H imelala kama pedi na ina vijiti viwili, SP inakunjwa kama ile Game Boy Advance SP. Plus na H zina betri ya mAh 3300 na matundu mawili ya memori kadi, na unaweza kuzichomeka kwenye TV kwa waya wa HDMI. PSP inajaribu, nyengine zinakwenda, nyengine zinakokota, usinunue kwa ajili hiyo. Muuzaji akikwambia "RG35XX" tu bila herufi ya mwisho, muulize ipi, na sanduku lisome mwenyewe.

Ya tatu ni R36S, na hii ndo ya bei rahisi, kule mitandaoni iko dola 30 hadi 40, huku kwetu ni laki moja au chini kidogo kabla ya usafiri na kodi. Prosesa RK3326, RAM gigabaiti 1, vijiti viwili, kioo kile kile. Kwa bei hiyo ni nzuri kweli. Shida yake ni kwamba haina mwenyewe. Viwanda vingi vinaitoa, na kila kiwanda kinaweka kioo chake, na kuna mpaka kopi za kopi zenye chipu nyengine ndani, kwa nje huzitafautishi. Kioo kikitofautiana, kuna faili dogo kwenye memori kadi lenye mwisho wa dtb ambalo linakiambia kifaa kioo chake ni kipi. Ukiweka memori kadi mpya na mfumo mpya bila faili lile, kinawaka sauti tu, kioo cheusi. Watu wanadhani kimekufa. Kwa hiyo ukipata R36S, kabla hujacheza hata gemu moja, nenda kafe, chomeka memori kadi yake, nakili kila kitu kilichomo na faili za dtb uzijitumie kwenye barua pepe yako mwenyewe. Siku memori kadi ikifa utanikumbuka.

Na itakufa. Hili la memori kadi ndo watu hawalisemi na ndo linalomaliza vifaa vingi kuliko kitu chochote. Vifaa hivi vya bei nafuu vinakuja na memori kadi isiyokuwa na jina la maana, imejazwa gemu elfu kumi. Wiki ya kwanza safi, mwezi wa tatu gemu zinaanza kupotea, halafu kifaa hakiwaki. Nunua nyengine ya kampuni inayojulikana, na hapo pana mtego mwengine, memori kadi feki. Inaandikwa GB 128, ukichomeka kompyuta nayo inasema 128, lakini ndani ina 8. Unajaza, zile za mwanzo zinakaa, zilobaki zinaandikwa hewani. Kuna programu ya bure ya Windows inaitwa H2testw, ilitoka kwenye jarida la kompyuta la Kijerumani, inaijaza kadi yote halafu inasoma tena kuona kama ilichoandika kipo. Kwa GB 64 inaweza kuchukua saa kadhaa, sasa ukiwa kafe unalipia kwa saa ni hasara, tafuta mwenye laptopu umuachie usiku. Na nusu ya maneno haya hutayahitaji ukichukua kadi ndogo. Gemu nzima ya Super Mario ya kwanza ni kilobaiti 40. Arubaini! Picha moja ya simu yako ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi sana. Gemu ya plei stesheni ya mwanzo ni CD, kwa hiyo mpaka megabaiti 700 kwa diski, ya PSP mpaka gigabaiti 1.8, ya plei stesheni ya pili ni DVD, inaweza kufika 4.7. Hesabu bando lako hapo hapo. GB 64 kwa mtu wa gemu za kanda na CD hamsini ni nyingi mno.

Jambo dogo lakini zuri kwa tuliokulia na TV za huku: gemu za toleo la Ulaya zilikwenda picha 50 kwa sekunde badala ya 60, na nyingi zake hazikurekebishwa, zinakwenda pole pole karibu sehemu moja ya sita. Kama kuna gemu ulikuwa unaikumbuka nzito, tafuta toleo la Marekani au Japani uone inavoruka.

Umeme. Mpaka mwaka 2010 Pemba tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli, halafu ndo ukaja waya wa chini ya bahari kutoka upande wa Tanga. Umeme umekuwa wa kuaminika zaidi lakini kukatika haujaacha, na si kila nyumba imeunganishwa. Betri ya mAh 3000 ni kama wati-saa 11, na kifaa cha namna hii kikila wati mbili unapata saa tano hivi. Pawabenki ya mAh 10,000 itakujazia kiasi mara mbili, si mara tatu kama hesabu ya kichwa inavosema, manake nyengine inapotea njiani kwa joto. Ukiwa na sola ya taa yenye tundu la USB inatosha, vifaa hivi vinakula kidogo. Lakini chaja! Tundu lake ni USB-C kama simu mpya, mtu anachukua chaja ya kasi na ule waya wenye C pande zote mbili. Vingi havijai kabisa kwa waya huo, na hivi vya bei rahisi havipendi chaja ya kasi. Tumia chaja ya kawaida ya volti 5, waya wenye kichwa cha USB kipana upande mmoja. Ile chaja ya simu ya mama ya zamani ndo sahihi.

PSP yenyewe, ile ya Sony, mtumba? Nimeulizwa sana. Ilitoka Disemba 2004, Sony waliacha kuipeleka sokoni mwaka 2014. Ukiipata nzima ni raha, PES yake haiigizwi, inakwenda kwenye mashine yake halisi, na gemu za plei stesheni ya mwanzo inaziweza pia. Haitumii memori kadi ya kawaida, inatumia Memory Stick za Sony, lakini kuna vibebeo vya kuwekea kadi ndogo za simu, sio ghali. Ninachoogopa ni betri. Za asili zimezeeka, fungua kifuniko cha nyuma kabla hujalipa, ikiwa imevimba kama andazi iache. Nyengine ni za kopi, zinasema mAh nyingi zikikaa saa moja mshukuru Mungu.

Ufundi wake basi. Tundu la chaji likilegea, fundi simu yeyote mwenye mkono mzuri wa kuchomelea risasi analiweza, ni tundu lile lile la simu. Betri ni za volti 3.7 kama za simu. Raba za batani zinaoza kwa jasho na hewa ya chumvi, futa kwa kitambaa, usiache dirishani. Kioo ndo tatizo, hakipatikani hapa, kwa hiyo ukinunua chochote nunua na kikava au shona mfuko wa kitambaa. Dada yangu kanishonea.

Kuhusu sheria niseme kwa ufupi. Emuleta yenyewe ni halali, mahakama ya rufaa Marekani iliamua mwaka 2000 kesi ya Sony na Connectix kwamba kuchunguza mashine ili utengeneze emuleta si wizi. Gemu ni mali ya aliyeitunga, na Zanzibar tuna sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 2003. Wale wa Yuzu waliolipa Nintendo dola milioni 2.4 mwaka 2024, walikuwa wanaigiza mashine ambayo bado inauzwa madukani. Kuna gemu mpya nyingi za mashine za zamani ambazo watungaji wenyewe wanazitoa bure, anza na hizo. Kwa hivo maoni ya "naomba unitumie gemu" mie siyajibu, samahani.

Sasa jirani yangu. Tulikaa barazani tukahesabu. R36S ilimvutia kwa bei, lakini nikamwambia ami yako ni mtu mzima, ataingia duka moja tu baada ya sala ya Ijumaa, hawezi kusimama kutafautisha kopi na kopi ya kopi. Miyoo ilimvutia kwa betri. Mwisho kikamshinda kitu kimoja, anataka kuichomeka kwenye TV acheze Tekken na mdogo wake, na ile pedi ya USB anayo tayari. Maneno aliyompelekea ami ni haya, nimeyaandika mie: "Shikamoo ami. Naomba Anbernic RG35XX H. Herufi H lazima iwepo kwenye sanduku. Na memori kadi moja ya GB 64 ya dukani hasa, sio ya barabarani. Na waya wa HDMI wenye kichwa kimoja kidogo. Chaja ninayo. Allah akufikishe salama."

Ami kajibu "H ya Hamad?" Kamwambia ndiyo, H ya Hamad.

Anafika mwisho wa mwezi inshallah. Kama kuna mdau Chake au Wete anayemjua fundi aliyewahi kubadilisha kioo cha hivi vifaa, aandike hapo chini, na aseme kioo alikitoa wapi.